Teknolojia ya soka: Ilula yanunua, bado haijaanza kuuza

ILULA, mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, unafahamika kwa nyanya na vitunguu vinavyopakiwa kwenye malori kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Mkulima wa hapa anajua tofauti ya kuuza na kununua. Akipeleka matenga sokoni anapokea fedha, akifuata mbolea dukani anazitoa. Katika soka, mji huu bado uko upande mmoja tu wa hesabu hiyo, nao ni upande wa mnunuzi.

Bidhaa yenyewe ni mechi. Kama ilivyo katika miji mingi ya barabarani, siku ya Simba na Yanga au ya Ligi Kuu ya Uingereza watu hulipa kiingilio na kujibana kwenye vibanda umiza. Wauza chipsi, wauza ulanzi na waendesha bodaboda nao hupata chochote. Kilichoifikisha bidhaa hiyo Ilula ni teknolojia, na teknolojia hiyo hiyo sasa inabadilisha mchezo wenyewe na mgawanyo wa fedha zake.

Kutoka redio hadi dishi

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mpenzi wa soka wa Nyanda za Juu Kusini alitegemea Radio Tanzania, au alisafiri hadi Uwanja wa Samora mjini Iringa au Sokoine mjini Mbeya. Klabu nazo ziliishi kwa mapato ya mlangoni, na mvua ikinyesha hesabu iliharibika.

Desemba 31, 2012 nchi ilianza kuzima mitambo ya analojia, ikianzia Dar es Salaam, na ving'amuzi vikaingia majumbani. Mwishoni mwa 2013 Azam TV ilianza kurusha matangazo yake kwa setilaiti. Mei 2021 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu. Ukigawanya sawasawa, ni Sh. bilioni 22.56 kwa mwaka. Hakuna uwanja nchini ambao tiketi zake pekee zingeweza kuipa ligi uhakika wa namna hiyo.

Faida ya dishi ni kwamba halijali milima. Setilaiti iko angani umbali wa kilometa zipatazo 36,000 juu ya Ikweta, na mawimbi yake hushuka Ilula sawa na yanavyoshuka Kariakoo. Kasoro yake ni kuchelewa. Safari ya kwenda juu na kurudi huchukua kama robo sekunde tu, lakini kazi ya kuzifunga picha kidijitali na kuzifungua upya huongeza sekunde kadhaa. Ndiyo maana mwenye redio anaweza kushangilia goli wakati walioko kibandani bado wanaona mpira katikati ya uwanja.

Kamera zinapogeuka waamuzi

Fedha za televisheni zilipokuwa nyingi, makosa ya waamuzi nayo yakawa ghali. Juni 27, 2010 mjini Bloemfontein, Frank Lampard wa Uingereza alipiga mpira uliovuka mstari wa goli la Ujerumani, mwamuzi hakuuona, na dunia nzima ikauona kwenye runinga. Mtazamaji wa kibandani alikuwa na taarifa bora kuliko mwamuzi aliyelipwa kuamua.

Bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka iliruhusu teknolojia ya mstari wa goli Julai 2012, na Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazili likaitumia. Kila goli liliwekewa kamera 7. Kompyuta ilikokotoa mahali ulipo mpira, na ukivuka wote, mwamuzi alipata ishara kwenye saa ya mkononi ndani ya sekunde moja.

VAR ni kitu tofauti, ingawa watu wengi huvichanganya. Huo ni mfumo wa waamuzi wasaidizi wanaotazama marudio ya picha zilezile za televisheni. Uliingizwa rasmi katika sheria Machi 2018 na kutumika katika Kombe la Dunia la Urusi mwaka huo. Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 kamera 12 zilifuatilia sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde ili kupima kuotea, na kifaa ndani ya mpira kilituma taarifa mara 500 kwa sekunde.

Watanzania walilipia somo la tofauti hiyo Aprili 5, 2024 mjini Pretoria. Yanga ilikuwa ikicheza na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya suluhu ya Dar es Salaam. Shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mwamba wa juu na kushuka kwenye mstari. VAR ilikuwepo, lakini teknolojia ya mstari wa goli haikuwepo. Kamera za kawaida hazikuwa zimewekwa sambamba na mstari kwa namna ya kumaliza ubishi, na goli halikutolewa. Dakika 90 ziliisha 0-0 na Yanga ikatolewa kwa penalti 3-2.

Kibiashara, tukio hilo linaonyesha kwamba haki uwanjani nayo ina bei. Mashindano yenye fedha hununua kamera za ziada, na yenye bajeti ndogo hutumia zilizopo. Kwa klabu, sentimeta chache ziliamua nani apate zawadi ya nusu fainali.

Hesabu ya kibanda

Kwa mwenye kibanda, mabadiliko haya yana pande mbili. Tuchukue mfano wa kibanda cha watu 80, kiingilio Sh. 500. Kikijaa, mechi moja inaingiza Sh. 40,000. Ikiwa kodi, umeme, king'amuzi na mlinzi vinafikia Sh. 240,000 kwa mwezi, anahitaji mechi 6 zilizojaa ili arudishe gharama. Watu wakiwa nusu, anahitaji mechi 12. Umeme ukikatika, petroli ya jenereta inaongezeka juu ya hapo.

Gharama hizo hazipungui nyanya zinaposhuka bei, wakati mteja wake mkuu ni yule yule aliyeuza nyanya. Aidha, kadiri dishi la nyumbani na simu yenye intaneti zinavyosambaa, kibanda kinapoteza wateja wenye uwezo na kubaki na wasio nao. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba malipo ya king'amuzi cha nyumbani kwa kawaida hayampi mtu haki ya kuonyesha kwa kiingilio. Anayepanga kupanua biashara hii anashauriwa kuuliza masharti ya matumizi ya kibiashara kabla ya kununua viti.

Mchezaji kama mazao

Upande wa kuuza upo, ila unahitaji kumbukumbu zilizo sahihi. Tangu 2015 wachezaji wanaruhusiwa kuvaa kwenye mechi vifaa vinavyopima mbio zao, umbali na kasi. Mawakala nao hukagua video kabla ya kupanda ndege. Zamani mchezaji alihitaji bahati ya kuonekana. Mbwana Samatta aliichezea Simba dhidi ya TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa ya 2011, na Mazembe wakamchukua mwaka huo huo. Akaenda Genk mwaka 2016 na Aston Villa mwaka 2020.

Uhamisho wa kimataifa wa namna hiyo una fungu la walezi. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Tuseme kijana alisajiliwa katika timu ya Ilula kwa miaka minne, kuanzia 12 hadi 15, na baadaye akauzwa nje kwa Sh. milioni 500. Timu yake ya kwanza inastahili asilimia 1, yaani Sh. milioni 5. Fedha hiyo inatosha kununua mipira, magoli na nyavu kwa misimu kadhaa.

Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia chombo maalumu cha FIFA, ambacho husoma historia ya usajili wa mchezaji kwa njia ya kielektroniki. Kwa sababu hiyo, timu isiyosajiliwa, au iliyomchezesha kijana bila kumsajili, haiwezi kuonekana humo. Kocha anaweza kuapa kwamba ndiye aliyemfundisha kupiga chenga, lakini kompyuta haisikii kiapo.

Kwa timu za Ilula, basi, kamera za Qatar ziko mbali, ila usajili uko karibu. Kinachohitajika ni timu kutambuliwa na chama cha soka cha wilaya, vijana kuwa na vyeti vya kuzaliwa kutoka RITA, na majina yao kuingizwa kwenye mfumo wa TFF kila msimu. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya msimu mmoja wa nyanya zilizoozea shambani, na kijana aliyetimiza miaka 12 mwaka huu hatarudi kuwa na 12 mwakani.