Maneno ya Kiingereza ya kuyajua kabla hujasaini mkataba wa biashara

Miaka ya 1930, mwanamke mmoja mwenye mgahawa mjini Llandudno, Wales, alinunua mashine ya kuuzia sigara. Alisaini fomu ya oda bila kuisoma. Mashine ikaanza kusumbua, akaenda mahakamani na akashindwa.

Sababu ni kipengele kilichoandikwa kwa herufi ndogo kwenye fomu ile, kilichomwondolea muuzaji dhamana zote ambazo hazikutajwa humo. Mwaka 1934 majaji walisema aliyesaini amefungwa na alichosaini, awe amekisoma au hajakisoma, labda kama alidanganywa.

Kesi hiyo, L'Estrange dhidi ya Graucob, inafundishwa hadi leo. Na si ya Wazungu tu. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inatumia misingi ya Uingereza. Ya Tanzania, Sura ya 345, inafuata kwa karibu sheria ya India iliyotungwa na Waingereza mwaka 1872.

Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Lakini mikataba mingi ya usambazaji, upangishaji na ubia na wageni bado inaandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake si kile cha mtaani.

Maneno yenye sura mbili

“Execute” kwa kawaida ni kutekeleza. Kwenye mkataba, mara nyingi maana yake ni kusaini. Anayeambiwa mkataba uwe “executed” Ijumaa anatakiwa kuweka sahihi siku hiyo, si kumaliza kazi.

“Consideration” si kufikiria jambo. Ni kile ambacho kila upande unatoa ili kupata cha mwenzake: fedha, mzigo, kazi au ahadi.

“Shall” ni lazima. “May” ni hiari. Ikiandikwa mnunuzi “may” kulipa malipo ya awali, muuzaji asiyategemee.

Maneno yanayogusa mfuko

“Net 30” ni malipo ndani ya siku 30, kwa kawaida kuanzia tarehe ya ankara. Mwenye mtaji mdogo ajiulize ataishije siku hizo zote.

“Indemnify” ni kukubali kubeba hasara ya mwenzako. Hapa ndipo wengi wanapita haraka. Fundi aliyekubali kubeba “all losses” anaweza kudaiwa fedha nyingi kuliko alizolipwa kwa kazi yenyewe. Dawa yake ni kuomba kikomo, yaani “cap”.

“Liquidated damages” ni fidia iliyopangwa mapema, mfano kiasi fulani kwa kila siku ya kuchelewa. Kwa Tanzania, kifungu cha 74 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kwa hiyo kiasi hicho ni dari tu, si fedha ambazo lazima zilipwe zote.

“Exclusive” ina maana huuzi au hununui kwa mwingine. Duka likisaini hivyo kwa miaka mitatu, bei nzuri ya jirani haitalisaidia.

Maneno ya kutokea

“Termination for cause” ni kuvunja mkataba kwa sababu ya kosa. “Termination for convenience” ni kuuvunja bila kosa lolote, kwa kutoa notisi tu. Swali la kuuliza: haki hiyo wanayo wote wawili au mmoja tu?

“Automatic renewal” inamaanisha mkataba unajirudia wenyewe usipotoa notisi mapema. “Governing law” inataja sheria ya nchi gani itatumika, na “jurisdiction” inataja mahakama za wapi. Mfanyabiashara wa Kariakoo akikubali mahakama za London, ajue nauli na wakili ni juu yake.

Halafu kuna “entire agreement”. Kikiwepo kipengele hicho, ahadi za kwenye simu na WhatsApp ambazo hazimo kwenye mkataba zinaweza zisihesabike. Bosi aliahidi usafiri bure? Uandikwe humo ndani.

Mezani useme nini

Kujadiliana kwa Kiingereza hakuhitaji lafudhi ya redioni. Sentensi chache zinatosha:

“Could you clarify clause 9?” Kuomba ufafanuzi wa kipengele.

“We would like to propose a change.” Kupendekeza badiliko bila kugombana.

“We can agree to that, provided that you pay 40 percent upfront.” Kukubali kwa sharti. Hiyo “provided that” ndiyo silaha ya mazungumzo: unatoa kitu na unapata kitu.

“I need to have this reviewed before I sign.” Kuomba muda wa kumpelekea wakili. Anayekataa ombi hilo ameshajieleza.

La mwisho ni tahadhari. Kujibu “agreed” kwenye barua pepe kunaweza kuhesabika kuwa umekubali, hata kama karatasi haijasainiwa. Mazungumzo yakiwa bado yanaendelea, wenye uzoefu huandika juu kabisa “subject to contract”, yaani hakuna anayefungwa hadi mkataba wenyewe usainiwe.