Kimo cha Wimbi na Namna ya Kukipima

Mgeni afikaye katika kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, majira ya baridi, akamwuliza mwenyeji habari ya bahari na kujibiwa kuwa leo mawimbi ni ya futi 6, yampasa afanye hadhari kabla hajauchukua ubao wake wa kutelezea na kuingia majini, kwani wimbi litakalomwinukia usoni huenda likawa la futi 10 au 12. Mwenyeji hakusema uongo. Amepima kwa desturi ya kwao, ambayo hulikadiria wimbi kwa mgongo wake, yaani upande uelekeao bahari kuu, ilhali mwenye kulingoja hukabiliana na uso wake, ulio mrefu zaidi kwa kuwa wimbi likaribiapo mwamba huyavuta maji yaliyo mbele yake na kuchimba bonde.

Naona kipimo cha uso ndicho cha haki, maana mtu haangukiwi na mgongo wa wimbi. Na mwanzoni mwa karne hii watabiri wa hali ya hewa wa serikali huko Honolulu walianza kutangaza kimo cha uso, ili umma usihadaike. Hata hivyo wenyeji wengi wameshikilia kipimo cha wazee wao, wala hawastahili kudharauliwa. Mashindano ya Ghuba ya Waimea, yaliyowekwa kumkumbuka Eddie Aikau, mlinzi wa waogeleaji katika ghuba hiyo, aliyepotea baharini mwaka 1978 alipokwenda kuwatafutia wenzake msaada baada ya chombo chao kupinduka, hayafanywi mpaka mawimbi yafike futi 20 kwa kipimo cha Hawaii, ambazo usoni ni takriban 40. Na kwa sharti hilo, baada ya yale ya 2016 watu walingoja hadi 2023.

Wako wasiotaja futi kabisa. Hawa hulipima wimbi kwa mwili wa mwenye kulipanda: wimbi la magoti, la kiuno, la kifua, la kichwa, na likizidi hapo husema vimo viwili vya mtu, au vitatu. Sisi tuliorithi shibiri, dhiraa na pima hatuhitaji kuelezwa faida ya kipimo ambacho kila mtu anacho. Ila apandaye wimbi huwa amekunja magoti na kuinama, hivyo aliye ufuoni, asipolikumbuka hilo, huliona wimbi kubwa kuliko lilivyo.

Wala kimo pekee hakitoshi. Maboya yaliyotiwa nanga mbali na pwani hutangaza wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa, kipimo kilichotokana na kazi ya Harald Sverdrup na Walter Munk wakati wa Vita Kuu vya Pili, walipotabiri hali ya fukwe ambazo majeshi yangeteremkia. Na kwa kuwa ni wastani, yamkini baada ya saa chache likapita wimbi linalokaribia mara mbili yake. Boya hutaja pia sekunde zipitazo baina ya kilele na kilele, na mwenye maarifa huzitazama hizo kwanza. Katika kina kirefu, mawimbi ya sekunde 10 huachana mita 156, na ya sekunde 20 mita zipatazo 624. Haya ya pili huanza kuhisi sakafu ya bahari yangali mbali na nchi kavu, nayo yafikapo penye maji haba huinuka kupita kiasi. Kwa hiyo mita 2 za sekunde 8 ni bahari iliyochafuliwa na upepo wa jirani, na mita 2 za sekunde 18 ni habari ya tufani iliyovuma mbali sana.

Huko Nazaré, nchini Ureno, ambako korongo la chini ya bahari huyaelekeza mawimbi pwani pasipo kuyapunguzia nguvu, tarehe 29 Oktoba 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteremka wimbi lililokubaliwa kuwa la futi 86, yaani mita 26.21. Wimbi la namna hiyo hupimwa kwa picha: wataalamu hutafuta kitu ambacho urefu wake wajulikana, mathalani muundi wa mpandaji, wakahesabu umeingia mara ngapi baina ya kilele na bonde. Kilele huonekana dhahiri. Kazi ngumu ni kuamua bonde laanzia wapi katika maji yale yanayoinama polepole, kwani ukilisogeza chini kidogo umeongeza futi kadhaa. Uamuzi juu ya wimbi la Steudtner ulitangazwa Mei 2022.