Seli za Pete Katika Saratani Changa ya Tumbo

Majibu ya kinyama kilichokatwa tumboni yakirudi na maneno "seli za pete", mgonjwa huvunjika moyo hata kabla daktari hajaanza kueleza. Amekwisha kusoma kwenye simu, au ameambiwa na ndugu, kwamba hiyo ndiyo aina kali kuliko zote. Kwa saratani iliyokwisha kuzama kwenye misuli ya tumbo, habari hizo zina msingi. Kwa saratani ambayo bado ni changa, mambo hugeuka, na wenye majibu hayo mkononi wana haki ya kulijua hilo.

Uchanga wenyewe una maana maalumu. Mwaka 1962 wataalamu wa Japani walikubaliana kwamba saratani changa ya tumbo ni ile iliyoishia kwenye utando wa ndani, au kwenye tabaka laini lililo chini yake, bila kufika kwenye misuli. Kinachopimwa ni kina. Uvimbe unaweza kuwa mpana na bado ukaitwa mchanga. Unaweza hata kuwa umekwisha kupeleka seli kwenye tezi za limfu na ukabaki na jina hilo. Huko Japani, zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi wanaotibiwa katika hatua hii huwa hai baada ya miaka 5.

Kuhusu aina ya seli, mgawanyo tunaoutumia zaidi ulitolewa mwaka 1965 na mwanapatholojia wa Finland, Pekka Laurén. Aina ya kwanza hujipanga katika vijitezi vinavyofanana na vya utumbo. Mara nyingi hutanguliwa na miaka mingi ya uvimbe wa utando wa tumbo unaoletwa na bakteria Helicobacter pylori, na huonekana zaidi kwa wazee. Aina ya pili haijipangi kabisa: seli zake hutawanyika mojamoja, na huwapata hata vijana. Seli za pete ziko katika kundi hili la pili. Kila seli hujaa ute hadi kiini chake kinasukumwa pembeni, na chini ya darubini huonekana kama pete yenye kito.

Kwa nini hutawanyika? Mwaka 1998 Parry Guilford na wenzake, wakishirikiana na familia za Wamaori wa New Zealand zilizopoteza vijana wengi kwa saratani hii, waligundua kwamba wanafamilia hao walirithi hitilafu katika jeni la CDH1. Jeni hilo hutengeneza E-kadherini, protini inayozishikanisha seli. Inapokosekana, seli huachana na majirani zake.

Familia hizo zilitufundisha jambo jingine. Wengi wenye hitilafu hiyo huamua kuondolewa tumbo mapema, wakiwa hawana dalili yoyote. Matumbo hayo yakichunguzwa sentimita kwa sentimita, mara nyingi hukutwa na madoa madogo ya seli za pete ndani ya utando wa juu. Nyingi kati ya seli hizo hugawanyika polepole mno. Saratani ipo, lakini imetulia.

Hali hiyohiyo imeonekana kwa wagonjwa wasio na urithi huo. Katika saratani changa, uvimbe wenye seli za pete tupu hupeleka seli kwenye tezi mara chache kuliko uvimbe mwingine usiojipanga vizuri. Anayenitia wasiwasi zaidi ni mgonjwa mwenye mchanganyiko: seli za pete pamoja na seli nyingine zisizokomaa, au vijitezi vilivyojipanga vizuri vikiwa vimechanganyika na seli zilizotawanyika. Mchanganyiko huo huonekana kuwa dalili kwamba uvimbe umeanza kubadilika tabia, na hatari ya seli kufika kwenye tezi hupanda. Kwa hiyo neno "mchanganyiko" kwenye majibu lina uzito, hata kama limeandikwa kwa herufi ndogo.

Matibabu hutegemea hesabu ya hatari hiyo. Mwaka 2000 Takuji Gotoda na wenzake walitoa uchambuzi wa wagonjwa 5,265 waliopasuliwa Tokyo. Kati ya saratani 1,230 za aina iliyojipanga vizuri, zilizoishia kwenye utando na zisizozidi sentimita 3, hakuna hata moja iliyokuwa imefika kwenye tezi. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuondolewa kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na tumbo likabaki. Kwa aina isiyojipanga masharti ni makali zaidi: uvimbe usizidi sentimita 2, uishie kwenye utando, usiwe na kidonda.

Ukali huo una sababu nyingine, nayo ni mipaka ya uvimbe. Seli za pete hupenda kutambaa katikati ya utando huku ngozi ya juu ikionekana nzima, hivyo jicho la kamera hudanganyika kwa urahisi. Ndiyo maana daktari makini huchukua vinyama kuzunguka doa kabla ya kulikata.

Kwetu Afrika Mashariki wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa, baada ya miezi ya kumeza dawa za vidonda vya tumbo bila kupimwa. Anayebahatika kugunduliwa mapema aelewe kwamba kinyama cha endoskopi ni kipande kidogo tu cha uvimbe. Aina kamili hujulikana baada ya uvimbe wote kuondolewa na kukatwa vipande vyembamba. Majibu ya pili yanaweza kutofautiana na ya kwanza, na seli zikionekana ndani ya mishipa midogo ya limfu, upasuaji wa kuondoa tezi huwa ni wa lazima hata kama kingo za uvimbe zilikuwa safi.