Burigi-Chato bila basi: jinsi ya kuizunguka hifadhi iliyo mlangoni kwetu

Swali hili linatufikia mara kwa mara kutoka Ngara na Biharamulo: "Sisi ni watu sita tu, hatuna uwezo wa kukodi basi. Tutaionaje hifadhi?" Wengi wameona wanafunzi au wafanyakazi wakienda mbugani na basi zima, na wakaamini hakuna njia nyingine. Ipo. Tena kwa hifadhi yetu, basi kubwa mara nyingi ndilo chombo kisichofaa.

Kwanza, jua ukubwa wake

Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori matatu ya akiba: Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ina kilomita za mraba 4,707. Ukilinganisha, Akagera ya jirani zetu Rwanda ina kilomita za mraba 1,122, kwa hiyo yetu ni zaidi ya mara nne.

Fanya hesabu kidogo. Kama hifadhi ingekuwa mraba, kila upande ungekuwa na karibu kilomita 69. Mtu anayetembea kilomita 4 kwa saa, bila kupumzika, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, anafika kilomita 48. Maana yake huwezi kuimaliza kwa siku moja, iwe kwa miguu au hata kwa gari, kwa sababu ndani unaendeshwa polepole na unasimama kila penye mnyama. Chagua upande mmoja, uuone vizuri, na mwingine uuache kwa safari ijayo.

Wenzetu wa mbali nao wanafanya hivyo. Huko Florida, Marekani, kuna eneo kubwa la michezo na burudani liitwalo Walt Disney World, lililofunguliwa mwaka 1971, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 100 hivi. Mabasi yapo, lakini wasioyataka hupanda boti, treni ya reli moja au vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, au hutembea. Anayetaka kuona kila kitu kwa siku moja huishia kuchoka tu. Hapa kwetu pia kuna chombo zaidi ya kimoja.

Kwa nini basi halifai

Njia za ndani ya hifadhi si lami. Mvua zetu za Septemba hadi Desemba na za Machi hadi Mei zinafanya udongo uteleze, na basi la chini likizama, abiria hawawezi kushuka kusukuma kama wanavyofanya barabara ya kijijini. Kushuka kwenye gari mahali pasiporuhusiwa ni kosa, na nyati hajui kwamba mmekwama. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mizuri kwa wenye gari dogo.

Njia ya kwanza: gari la kuchangia

Kutoka Ngara fika Biharamulo mjini kwa hais au mchomoko kupitia Lusahunga. Huko mtafute gari la juu, lenye uwezo wa kuvuta magurudumu yote manne. Mfano wa hesabu tu: gari likikodiwa kwa shilingi 240,000 kwa siku, watu sita kila mmoja anatoa 40,000. Bado kuna kiingilio cha kila mtu, kiingilio cha gari na mafuta. Patana na dereva mapema nani analipa nini, msije mkagombana getini.

Bodaboda itakufikisha njiani, lakini usitegemee kuzunguka nayo kwenye njia za watalii. Haina ukuta wa kukukinga na mnyama.

Njia ya pili: miguu

Matembezi ya miguu hufanywa na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa kuomba mapema na kulipia. Usiingie peke yako hata kama babu yako alikuwa anapita hapo. Mnatembea kwa mstari mmoja, bila kelele, na askari akisema "simama" mnasimama. Tembo, nyati na kiboko wana mbio kuliko wewe.

Anayedhani kutembea ni utalii wa masikini aangalie Mahale, kule Kigoma. Hifadhi ile haina barabara za magari ndani. Wageni hufika kwa boti kupitia Ziwa Tanganyika, au kwa ndege ndogo, kisha wanapanda milima kwa miguu kuwatafuta sokwe.

Vaa nguo za rangi ya kaki au kijivu. Ndorobo, wale wanaoeneza malale, huvutwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Huvutwa pia na kitu kinachotembea, ndiyo maana hulifuata gari.

Njia ya tatu: maji

Ndani ya hifadhi kuna Ziwa Burigi, na upande wa Chato hifadhi inagusa Ziwa Victoria. Jirani kuna Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, ambako kupanda boti na kutembea ni jambo la kawaida kabisa. Popote utakapopanda boti, vaa jaketi okozi kabla ya kuondoka ufukweni, na wala usioshe mikono majini. Mamba wapo.

Kabla hujaondoka nyumbani

Pigia ofisi ya hifadhi au TANAPA, uulize mambo manne: geti lipi liko wazi, njia zikoje, ada ni kiasi gani na kama askari wa kukuongoza atapatikana siku hiyo. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu Mtanzania hulipa kwa shilingi na kiasi chake ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia simu au benki. Ukiombwa noti mkononi bila risiti, kataa. Panga kutoka kabla ya giza, maana kuzunguka usiku bila kibali hakuruhusiwi.

Hili si la starehe tu. Tangu mapori yale yawe hifadhi ya taifa, uwindaji wa leseni uliokuwa ukiruhusiwa umekoma, na anayekutwa ndani na ng'ombe au mzigo wa kuni anafikishwa mahakamani. Kijiji kinachoijua hifadhi kwa faini pekee kitaichukia. Mtoto wa Nyakahura akimwona twiga kwa macho yake, badala ya kwenye kalenda, siku moja anaweza kuomba kazi ya kuongoza wageni.

Basi kaeni kikundi, changeni, mpige simu. Watu sita wanatosha.