Paa Nunga na Visiwa vya Kukimbilia

Mwaka 1983 paa nunga wa Unguja walikisiwa kuwa 5,000 hivi. Mwaka 1996 makisio yakashuka hadi 2,000, na ilipofika 1999 yalikuwa yanazungumzia 600 na ushei. Kila namba kati ya hizo unaweza kuibishia ukitaka, maana mbinu za kuhesabu zilitofautiana na mnyama mwenyewe ni mwoga, hutoweka kabla hujamwona. Ila hakuna anayebisha kwamba wamepungua, tena kwa kasi ya kutisha.

Kimo chake hakivuki goti la mtu mzima, na uzito wake ni kilo kumi hivi. Manyoya ni mekundu ya kutu, miguu ina madoadoa meupe, na nyuma ana mstari mpana mweupe unaokatiza mapaja. Wataalamu humwita Cephalophus adersi, kwa jina la Aders, aliyekuwa mtaalamu wa serikali huko Zanzibar enzi za Waingereza. Duniani kote anapatikana Unguja na katika misitu ya pwani ya Kenya tu.

Suni, paa mwingine mdogo wa Unguja, huvumilia vichaka vilivyofyekwa na kuchipua upya. Nunga hana uvumilivu huo. Makao yake ni kichaka kirefu kilichokomaa kwenye ardhi ya maweni, penye giza chini na matawi yaliyoshikana juu. Chakula chake kwa sehemu kubwa huanguka kutoka huko juu: maua, matunda, majani. Kima na kima punju wanapokula juu ya mti, hudondosha mengi chini, naye nunga hupita chini yao akiokota. Maji ya kisima wala ya dimbwi hayahitaji sana, umande na majani mabichi humtosha. Kwa hiyo mti mkubwa ukikatwa, kwake ni kivuli kimeondoka na chakula kimeondoka kwa pigo moja.

Na miti imekatwa kweli. Maweni hayafai kwa mpunga wala karafuu, hivyo kwa miaka mingi yalichukuliwa kuwa ghala la bure: kuni, boriti, fito, makaa, na magogo ya kuchomea chokaa. Mkulima hufyeka, huchoma, hulima misimu michache kisha huhama. Zamani kichaka kilipewa muda wa kurudi. Sensa ya 2022 ilikuta Zanzibar ina watu karibu milioni 1.9, na muda huo umekwisha. Ukanda wa pwani nao umeingiwa na hoteli, na nyuma ya hoteli huja barabara, na kando ya barabara nyumba.

Uwindaji ulifuata njia hizo hizo. Wasasi hutandaza nyavu kati ya vijiti, kisha wenzao huingia upande wa pili na mbwa, wakipiga kelele. Kichaka kikiwa kikubwa, paa wengi huponyoka pembeni. Kikiwa kipande kilichobaki kati ya mashamba, mlango wa kutokea ni mmoja, na hapo ndipo wavu ulipo. Ndiyo maana sipendi mjadala wa kuuliza nani mkosaji zaidi, panga au mbwa. Panga ndilo linalomrahisishia mbwa kazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 likaja wazo la kuwahamisha. Nunga wachache walipelekwa Chumbe, kisiwa kidogo cha hifadhi kusini mwa Mji Mkongwe, ambako panya walikuwa wameangamizwa mwaka 1997. Wengine walipelekwa Mnemba, kisiwa ambacho mtu hukizunguka kwa miguu muda usiozidi nusu saa. Kwa usalama, visiwa hivyo havina mfano: hakuna wasasi, hakuna mbwa, hakuna panga.

Lakini tazama mambo kwa upande wa paa. Mnyama aliyehamishwa kwa kawaida hutangatanga kwanza kabla ya kuchagua makao, na Chumbe ina urefu wa kama kilomita moja tu. Kima punju hayupo huko wa kumdondoshea maua. Dume kijana anapofukuzwa kwenye eneo la mkubwa wake hana pa kwenda isipokuwa ufukweni. Vizazi vikipita, ndugu huzaana na ndugu. Na wakizidi chakula kilichopo, ni lazima wakamatwe tena, kazi ambayo kwa paa wa aina hii ni ya hatari, kwa kuwa hofu pekee inaweza kumuua mikononi mwa daktari. Kisiwa cha namna hiyo kinafaa kuwa akiba. Kukiita mwanzo wa kundi jipya ni kujidanganya.

Kuna wanaotamani msitu wa Masingini, ule ulio juu ya Bububu, upewe nunga ili watu wa mjini nao wawaone. Kama elimu, wazo ni zuri. Kama makao, Masingini uko pua na mdomo na mji unaokua, na mbwa wa mitaani hawasomi vibao vya hifadhi.

Habari njema kubwa ilitoka Kenya, wala haikuhusu kuhamisha. Kamera zilizotegwa katika misitu ya Boni na Dodori zilinasa nunga wengi kuliko yeyote alivyotarajia, na baadaye spishi hiyo ikashushwa kutoka daraja la walio hatarini kabisa hadi daraja nafuu zaidi. Kwa spishi ni sawa. Kwa Unguja, daraja hilo halijaongeza mti hata mmoja, na linaweza kumpa ofisa aliyechoka kisingizio cha kupeleka bajeti kwingine. Isitoshe, Boni ni eneo la operesheni za kijeshi tangu 2015. Kumlinda paa huko kunategemea mambo ambayo askari wa wanyamapori hana uwezo nayo.

Unguja ina Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, ina Kiwengwa-Pongwe, na ina misitu ya vijiji vya kusini kama Mtende na Muyuni. Anayetaka kuhamisha nunga tena atawatoa humo humo. Kabla ya hapo aonyeshe hesabu iliyofanywa kwa mbinu ile ile, mahali pale pale, zaidi ya mara moja, inayothibitisha kwamba kundi analolipunguza linaweza kupunguzwa. Fedha za mashua na vizimba, kwa maoni yangu, zingeanza kwa kuwalipa walinzi wa vijiji kufanya doria mwishoni mwa wiki, wakati nyavu zinapotoka.