Kadi Ipi Itangulie? Matibabu ya Mstaafu kati ya Bima ya Serikali na Mwajiri



Katika ziara zetu za robo mwaka huu tulifika Nkome, kwenye mwalo wa Ziwa Victoria, mkoani Geita. Huko tulikutana na mzee mmoja aliyekuwa dereva mgodini kwa miaka mingi. Alipostaafu alinunua mtumbwi na mashine yake kwa fedha za mafao. Mwaka uliofuata alihitaji upasuaji. Kadi ya matibabu aliyopewa na mwajiri ilikuwa imekoma siku ya mwisho ya kazi, hivyo aliuza mashine ili alipe hospitali.

Kilichotusikitisha zaidi ni hiki: mke wake ni mwalimu mstaafu, na kadi yake ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) bado inafanya kazi. Mume hakuwahi kuandikishwa kama mwenza. Walipokuwa kazini kadi ya mgodi ilionekana inatosha, na hakuna aliyeona haja ya kuandika jina mahali pawili.

Hali hii itazidi kuonekana katika eneo letu. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Kijana aliyeajiriwa wakati huo akiwa na miaka 35 sasa amefikia umri wa kustaafu, yaani miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza jinsi bima ya serikali na mafao ya mwajiri yanavyokutana, na mahali yanapoachana.

Mifuko miwili tofauti

Wengi huchanganya mifuko. NSSF, na PSSSF iliyoundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya watumishi wa umma, hulipa pensheni. NHIF hulipa hospitali. Mtu anaweza kuwa na pensheni nzuri na asiwe na bima yoyote ya matibabu.

NHIF ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi Julai 2001, ikianza na watumishi wa serikali. Baadaye ilipokea pia waajiri binafsi na taasisi za dini. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara: mtumishi asilimia 3 na mwajiri asilimia 3. Mwanachama anayestaafu akiwa ametimiza masharti ya Mfuko huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kuchangia tena. Watoto na wategemezi wengine hawaendelei.

Kwa upande wa migodi na makampuni yanayoihudumia, kwa kawaida mwajiri hununua bima kutoka kampuni binafsi. Bima hiyo inaweza kuwa na huduma nyingi kuliko ya serikali, lakini inafuata ajira. Ajira ikiisha, nayo inaisha, isipokuwa mkataba wa kazi au mkataba wa hali bora uliofungwa na chama cha wafanyakazi useme vinginevyo. Aidha, miaka ya bima binafsi haihesabiwi kuwa miaka ya kuchangia NHIF.

Mstaafu mwenye vyote viwili

Wapo wastaafu wachache wenye kadi ya NHIF na pia ahadi ya mwajiri ya kusaidia matibabu. Hao huuliza watumie kipi kwanza. Ushauri wetu ni kutanguliza kadi ya NHIF. Gharama ambazo hazimo katika kitita cha Mfuko ndizo zipelekwe kwa mwajiri, zikiambatana na stakabadhi halisi na maelezo ya daktari. Huduma moja isidaiwe mara mbili, kwa kuwa huo ni udanganyifu na unaweza kumfungia mtu kadi.

Marafiki zetu wa Marekani wataitambua kanuni hii. Kwao bima ya wazee ya serikali, Medicare, iliyopitishwa mwaka 1965, hulipa kwanza kwa mtu aliyestaafu, na bima ya mwajiri wake wa zamani hufuata. Asiyejiandikisha Medicare kwa wakati anaweza kukuta bima ya mwajiri inakataa kubeba sehemu ya serikali. Somo ni lile lile la Nkome: kadi ya mwajiri isikufanye uache kujiandikisha unakostahili.

Asiye na chochote

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, katika vituo vya serikali. Mzee aanze kwa kutambuliwa na serikali ya kijiji. Kupata huduma hiyo hakuhakikishi kwamba dawa zitakuwepo dirishani, hivyo familia isiache kujiwekea akiba. Vilevile Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, yenye lengo la kumwingiza kila mkazi katika bima. Tunawaomba wanakamati wafuatilie utekelezaji wake katika halmashauri zao.

Usharika nao ni mwajiri

Hapa tuseme ukweli kwa upendo. Mwinjilisti, mwalimu wa chekechea na mlinzi wa usharika nao watazeeka. Kwa mshahara wa shilingi 300,000, mchango wa NHIF ni shilingi 18,000 kwa mwezi: 9,000 za mtumishi na 9,000 za usharika. Tumewahi kukuta usharika ulioingiza watumishi wake NHIF, ukawakata sehemu yao, lakini fedha zikakaa miezi kadhaa bila kupelekwa kwa sababu sadaka zilipungua. Mtumishi hakujua mpaka alipofika hospitali na mtoto mgonjwa. Fedha iliyokatwa kwenye mshahara si ya usharika. Ikichelewa leo inaharibu kumbukumbu ambazo mtumishi atazitegemea akistaafu.

Tunaomba kila kamati ifanye yafuatayo:

1. Ione stakabadhi za michango ya watumishi katika kila kikao cha robo mwaka.
2. Iorodheshe washarika watakaostaafu ndani ya miaka miwili, wa mgodini na wa serikalini, na kuwashauri waulize kwa maandishi bima yao inakoma lini.
3. Iwasaidie wanandoa kupata nakala ya cheti cha ndoa. Mara nyingi daftari la ndoa limo katika kabati la usharika, na bila cheti hicho mwenza haandikishwi.
4. Ihimize majina na tarehe za kuzaliwa zifanane katika kitambulisho cha taifa, kadi na fomu za mwajiri.

Kwa wafadhili wetu: msaada wenu kwa mfuko wa wagonjwa bado unahitajika sana. Lakini nauli ya mstaafu kwenda ofisi ya NHIF Geita, pamoja na nakala za karatasi zake, ni gharama ndogo inayoweza kuzuia bili kubwa.

Yule mzee wa Nkome na mkewe walifunga ndoa katika usharika huo huo. Katibu alilitafuta daftari, jina likaonekana, na nakala ikatolewa. Fomu yao imepelekwa Geita, na tunaisubiri kadi pamoja nao. Mashine ya mtumbwi haijarudi.