Je, Wajua? Tundu Moja la Sindano Latosha Kuharibu Kizibo

Katikati ya kifuniko cha kichupa cha kromatografia mna kisahani chembamba kiitwacho septa. Upande wa juu ni mpira wa silikoni. Upande wa chini, unaoelekea sampuli, una utando wa tefloni, plastiki iliyogunduliwa na Roy Plunkett mwaka 1938, ambayo kemikali nyingi mno haziidhuru.

Sindano ikitoka, silikoni hujibana. Tefloni haijibani. Kupitia tundu hilo kiyeyusho kikali, kama diklorometheni, huifikia silikoni na kuichomoa siloksani, zikaingia kwenye sampuli. Mashine ya kromatografia ya gesi yenye spektrometa ya masi huzionyesha kwa ayoni za masi 73, 207 na 281. Mchambuzi asiyezitambua anaweza kupoteza siku nzima akidhani uchafu huo umetoka kwenye maji ya mto anayoyapima.

Lililo baya zaidi, kwa maoni yangu, ni uvukizi kupitia tundu hilo, kwa sababu hauleti kilele kigeni kwenye mchoro wa matokeo cha kumshtua mtu. Kiyeyusho hupungua kimyakimya, sampuli hukolea, na kiuatilifu kinachopimwa, tuseme kwenye mboga, huonekana kingi kuliko kilivyo. Mkulima anaweza kukataliwa mboga zake kwa kosa la kizibo!

Kuosha septa iliyotumika huondoa baadhi ya mabaki, lakini tundu hubaki palepale. Sampuli itakayopimwa tena hufungwa kifuniko kipya mara tu sindano inapotoka, kisha hurudishwa kwenye baridi.